Das Boot, toleo la mwongozaji: maswali mnayotuuliza kila wiki

Tunaazimisha diski za filamu hapa Moshi mjini, na hakuna diski inayozua maswali kama hii. Yanaulizwa dirishani, yanakuja kwa simu, na ndugu zetu wa Arusha wanayatuma usiku wa manane. Tumeyakusanya hapa. Mengine tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, mengine yanatosha neno moja.

Kwanza, hii ni filamu gani?

Ni filamu ya vita kutoka Ujerumani Magharibi, ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Wolfgang Petersen. Ni mwaka 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Nyambizi ya Kijerumani, U-96, inang'oa nanga La Rochelle, Ufaransa, kwenda kuwinda meli za mizigo za Waingereza katika Bahari ya Atlantiki. Ndani yake kuna wanaume kama 50 kwenye bomba la chuma lenye urefu wa mita 67, na sehemu kubwa ya urefu huo ni injini, betri na topido, yale mabomu yanayosafiri majini.

Hadithi imetoka kwenye riwaya ya Lothar-Günther Buchheim iliyochapishwa mwaka 1973. Buchheim alisafiri kweli na U-96 akiwa mwandishi wa habari za vita, kwa hiyo mambo ya jasho, ukungu na mkate uliooza hakuyapata kwa kusimuliwa. Kwenye filamu nafasi yake imechukuliwa na Luteni Werner, aliyeigizwa na Herbert Grönemeyer, ambaye Wajerumani wa leo wanamjua zaidi kwa muziki. Nahodha ni Jürgen Prochnow. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo 6 za Oscar na haikuchukua hata moja. Buchheim naye aliilalamikia hadharani. Waandishi wa vitabu hawana dogo.

Toleo la mwongozaji ndiyo kitu gani?

Filamu inapokwenda sinema, mwenye fedha ndiye mwenye mkasi. Filamu ya saa mbili inaonyeshwa mara nyingi kwa siku kuliko ya saa tatu na nusu, tiketi zinauzwa nyingi zaidi, basi mwongozaji anaambiwa apunguze. Baada ya miaka, jina lake likishakua, au kampuni ikiona bado kuna watu watakaonunua kava jipya, anaruhusiwa kurudi mezani na kuikata filamu alivyotaka yeye. Hilo ndilo toleo la mwongozaji.

Ya Das Boot ina historia ya pekee kidogo. Sehemu ya fedha zake ilitoka kwenye vituo vya televisheni, kwa hiyo tangu mwanzo walipiga picha za kutosha kutengeneza vitu viwili: filamu ya sinema na tamthilia ya vipande. Sinema walipata dakika 149 mwaka 1981. Tamthilia ikaonyeshwa na BBC mwaka 1984, na Ujerumani mwaka 1985. Mwaka 1997 Petersen, wakati huo akiwa tayari mtu wa Hollywood, alirudi kwenye mikanda yake, akachukua msisimko wa filamu na watu wa tamthilia, akaunganisha, na sauti ikatengenezwa upya. Likatoka toleo la dakika 209. Ndilo tunaloazimisha.

Kwa hiyo yapo matoleo mangapi, na nichukue lipi?

Ya kuhangaikia ni matatu: la sinema la dakika 149, la mwongozaji la dakika 209, na lile la tamthilia nzima linalokaribia saa tano.

Kama ni mara yako ya kwanza, chukua la mwongozaji. Hatusemi hivyo kwa sababu ni refu au kwa sababu kava linang'aa. La sinema linakupa vita. La mwongozaji linakupa wanaume unaowajua kwa sura na tabia, halafu linawaingiza vitani, na hapo bomu likilipuka unajua nani yuko chumba kipi. La tamthilia ni zuri mno kwa mtu aliyeshapenda, lakini kwa mgeni saa tano ni nyingi, na sisi tumeona diski nyingi zikirudi na watu wakikiri waliishia njiani.

Saa moja iliyoongezwa ina mapigano?

Kidogo sana. Na hapa ndipo wateja wanapogawanyika.

Kilichoongezeka zaidi ni maisha ya ndani. Wanaume wanakula, wanataniana, wanaandika barua, wanagombania nafasi ya kupita. Kuna vyoo viwili, na kimoja kimejazwa chakula mpaka mlangoni, kwa hiyo watu wote hao wanapanga foleni kwenye kimoja. Soseji zinaning'inia juu ya vitanda. Kitanda chenyewe si cha mtu mmoja: huyu akitoka zamu yule anaingia, na godoro halipoi. Siku za kwanza nyuso zimenyolewa na sare zimenyooka. Baadaye ndevu zimejaa na ngozi zimekuwa rangi ya unga. Hawakupakwa. Waigizaji walizuiwa kuota jua wakati wa kupiga picha, na matukio mengi yalipigwa kwa mfuatano wake ili ndevu zikue zenyewe.

Halafu kuna kusubiri. Wiki zinapita, hakuna meli, kuna mawimbi tu na ukungu. Mteja mmoja wa Pasua alirudisha diski na kusema, «Nusu nzima hakuna kitu.» Ni kweli, na ndivyo ilivyokuwa kwa wale mabaharia. Ukikata kusubiri ili ufike haraka kwenye topido, unabaki na filamu ya kawaida ya milipuko, na hizo ziko tele. Petersen alirudisha saa hiyo ili manowari ya Waingereza inapotokea kwenye ukungu, wewe pia uwe umechoka na umejisahau.

Kamera nayo inafanya kazi yake. Mpiga picha Jost Vacano alitengeneza kamera ya mkononi yenye vifaa vya kuizuia isiyumbe, akavaa nguo zilizojazwa sponji, na akakimbia nayo mle ndani toka tezi hadi omo huku mabaharia wakipenya kwenye vitundu vya milango. Seti ilijengwa kwa upana wa kweli, katika studio za Bavaria mjini Munich, na ilikaa juu ya mitambo iliyoweza kuiinamisha kama nyambizi inayozama. Ukiona mwigizaji ameshika bomba asianguke, ameshika asianguke kweli.

Kava limeandika dakika 200, mtandaoni wanasema 209. Mmetupa iliyokatwa?

Hapana. Swali hili limetuletea ugomvi zaidi ya mara moja, kwa hiyo tulieni tufanye hesabu.

Filamu ya sinema inapigwa kwa picha 24 kila sekunde. Televisheni za mfumo wa PAL, unaotumika Ulaya na hapa kwetu, zinaonyesha picha 25 kila sekunde. Ili kurahisisha mambo, diski za DVD za Ulaya zinaichezesha filamu kwa picha 25 badala ya 24, yaani kasi inaongezeka kwa asilimia 4 hivi. Chukua 209, zidisha kwa 24, gawanya kwa 25: unapata 200 na ushee. Hakuna tukio lililoondolewa. Filamu ni ile ile, inakimbia kidogo tu, na sauti za watu zinapanda kidogo sana, kiasi ambacho huwezi kukitambua mpaka uweke diski mbili pamoja.

DVD ya Marekani inatumia mfumo wa NTSC, ambao hauikimbizi filamu, kwa hiyo itaandika 209 au karibu na hapo. Blu-ray nayo huchezesha picha 24 kama sinema, na dakika zinarudi kuwa zilezile. Kwa hiyo ukitaka kujua kama umepewa toleo sahihi, usihukumu kwa dakika nane. Ukiona 143 au 149, hilo ni la sinema. Ukiona 200 au 209, umelipata.

Toleo la mwongozaji huwa refu siku zote?

La. Filamu ya Alexander ya Oliver Stone ilitoka mwaka 2004, na toleo la mwongozaji lililofuata kwenye diski lilikuwa fupi kwa dakika kadhaa kuliko la sinema. Baadaye akatoa mengine marefu, mpaka watu wakapoteza hesabu. Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1979 ilirefushwa sana mwaka 2001, halafu mwaka 2019 mwenyewe akaipunguza tena, ikakaa katikati kwa dakika 183. Na lipo jambo la kuangalia zaidi: si kila toleo refu limekatwa na mwongozaji. The Big Red One ya Samuel Fuller ilirefushwa mwaka 2004, na Fuller alikuwa amefariki mwaka 1997. Ni kazi nzuri iliyofanywa na watu waliofuata maandishi yake, lakini mwenyewe hakuwepo chumbani. Neno «ndefu» au «kamili» kwenye kava ni la muuzaji mpaka uthibitishe vinginevyo.

Ipo iliyotafsiriwa? DJ nani?

Haipo kwetu, na hata ikiwepo hatutakushauri uanze nayo.

Tusieleweke vibaya. Wengi wetu tumelelewa kwenye vibanda umiza, tukaijua dunia kupitia sauti ya DJ anayempa steringi jina la kibongo na kumpeleka mpaka Manzese. Filamu za ngumi zinabeba hilo bila shida, na wakati mwingine DJ ni bora kuliko filamu yenyewe.

Hii haiwezi. Kuna sehemu nyambizi imezama, mashine zimezimwa, na nahodha ameagiza pasitoke hata mnong'ono. Mtu wa vifaa vya kusikilizia amevaa spika masikioni, jasho linamtiririka, anageuza gurudumu polepole kutafuta injini ya manowari iko upande gani. Wote wanatazama juu kwenye dari la chuma, kana kwamba wataona kitu. Halafu inasikika: ting... ting... ting... mawimbi ya sona ya Waingereza, mtambo wa kusaka nyambizi kwa sauti, yanagonga mwili wa nyambizi, kila mara kwa karibu zaidi. Chuma kinalia kwa uzito wa maji. Hakuna anayeongea kwa muda mrefu. Sasa mweke DJ hapo aseme, «Jamaa hapa wanaogopa balaa!» Amekueleza kitu ulichokuwa unakisikia tumboni, na amekifuta.

Basi niweke Kijerumani au Kiingereza?

Kijerumani, na maandishi ya chini ya Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili hatujayaona kwenye kava lolote lililopita mikononi mwetu.

Kiingereza nacho si cha kubeza. Filamu ilipopelekwa kwenye nchi za Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, waigizaji wengi walijitilia sauti wenyewe. Na hata Kijerumani chenyewe kwa sehemu kubwa kiliingizwa baadaye, kwa sababu ile kamera ya Vacano ilikuwa na kelele. Tofauti ni kwamba kwa Kijerumani unasikia lafudhi za mikoa mbalimbali, na jinsi nahodha anavyoshusha sauti kadiri hatari inavyopanda. Kama kuna mzee nyumbani ambaye macho hayamruhusu kusoma maandishi ya chini, mwekee Kiingereza na roho isikusute.

Mimi ni muongoza watalii, najifunza Kijerumani. Itanisaidia?

Sikio litazoea, ndiyo. Namba, maelekezo na amri utazishika haraka, maana zinarudiwa kwa kupokezana kutoka chumba hadi chumba: mmoja anatamka, wa pili anarudia, wa tatu anatekeleza. Ila hiki ni Kijerumani cha mabaharia wa miaka ya 1940, na matusi hayakupungua. Usije ukampokea mgeni wako pale Marangu kwa maneno uliyookota humo.

Deki yangu itaicheza?

Inategemea diski imetoka wapi. Kwa DVD dunia imegawanywa kwa namba: Marekani ni 1, Ulaya Magharibi ni 2, Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika tuko 5. Deki ya kampuni kubwa iliyofungwa kwenye namba moja itakataa diski ya namba nyingine. Habari njema ni kwamba deki nyingi za bei ya chini zinazouzwa madukani hapa hazijali namba wala mfumo. Weka ya Marekani, weka ya Ujerumani, inacheza.

Kwa Blu-ray mambo ni mepesi kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Huko mgawanyo ni wa herufi, na Afrika na Ulaya tuko kundi moja, B. Blu-ray iliyonunuliwa Berlin inacheza Moshi bila neno. Ya Marekani, iliyo kundi A, ndiyo inayoweza kukugomea. Diski za 4K hazina kizuizi cha nchi kabisa. PlayStation 3 na 4 zinacheza Blu-ray, kwa hiyo muulize mdogo wako kabla hujakwenda kununua mashine.

Sauti za watu ziko chini, milipuko inapasua masikio. Diski mbovu?

Diski nzima. Sauti imetengenezwa kwa spika sita na wewe una sabufa moja. Ingia kwenye mpangilio wa deki, tafuta sehemu ya sauti, weka stereo. Kisha punguza besi. Tunajua sabufa ilinunuliwa ili majirani wajue ipo, lakini besi ikiwa juu utasikia mngurumo mmoja kuanzia La Rochelle mpaka mwisho na hutasikia bolti zinavyofyatuka moja moja kwenye kuta nyambizi inapozidi kwenda chini. Chumba kiwe na giza pia. Picha yenyewe ni ya giza makusudi. Ukiangalia saa nane mchana pazia likiwa wazi utaona uso wako kwenye kioo.

Sokoni Memorial nimeona diski yenye filamu 20 za vita, na hii imo. Kwa nini nisichukue hiyo?

Diski ya DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, ile ya tabaka mbili 8.5. Filamu moja ya saa tatu na nusu inahitaji tabaka zote mbili ili ikae vizuri, na kuna matoleo ambayo waliigawa kwenye diski mbili. Sasa gawanya 4.7 kwa filamu 20. Kinachokatwa kwanza ni giza: vivuli vinageuka viboksi vyeusi vinavyocheza, na filamu hii karibu yote ni vivuli. Mara nyingi pia unakuta ni toleo la sinema limevishwa picha ya kava la mwongozaji.

Na ni bidhaa ya wizi. Tungeweza kuanza na hilo, lakini tunajua wateja wetu.

Mnaweza kuniwekea kwenye flashi?

Hapana.

Nina banda la kuonyesha mpira. Nikiazima naweza kuionyesha kwa kiingilio?

Diski ya kuazima ni ya kuangalia nyumbani. Kuonyesha hadharani kwa fedha kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 iko wazi kuhusu hilo. Swali lako lipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Maonyesho ya hadhara ya filamu yanahusu pia Bodi ya Filamu. Ni mzunguko kweli, ila ni afadhali kuuliza kabla kuliko kuelezwa mbele ya wateja wako.

Ni ndefu. Tukiigawa, tusimame wapi?

Wanapoingia bandari ya Vigo, Hispania, usiku. Umeshapita mashambulizi makubwa ya kwanza, kuna chakula mezani, nyuso zinapumua. Simama hapo, kesho endelea. Usisimame katikati ya mabomu ya chini ya maji, utaharibu vyote viwili. Umeme ukikukatia hapo, pole. Rudi nyuma mpaka mwanzo wa tukio, usiendelee ulipoishia.

Kwa nini tukae saa tatu na nusu tukiwaonea huruma Wajerumani?

Aliyeuliza hivi kwa mara ya kwanza ni mzee wa Old Moshi, na hakuwa anatania. Kule Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na familia yake imehangaika miaka mingi kulitafuta fuvu lake huko Ujerumani. Miaka kumi na sita baadaye, Machi 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani hao hao, na katika vita hivyo vya wazungu wapagazi wetu walikufa kwa njaa na maradhi bila hata kuandikwa majina. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo ana haki ya kuuliza anaombwa huruma kwa niaba ya nani.

Tulimjibu, shikamoo yake kwanza, kwamba filamu yenyewe haiombi. Inaanza kwa maandishi: mabaharia 40,000 wa Kijerumani walihudumu kwenye nyambizi, 30,000 hawakurudi. Petersen mwenyewe alisimulia kwamba ilipoonyeshwa Los Angeles, watazamaji waliposoma idadi hiyo walipiga makofi kwa furaha. Walikuwa wanafurahia maiti. Mwisho wa filamu watu hao hao walisimama kumpongeza. Katikati hapakuwa na hotuba ya kuwatetea Wanazi. Afisa mmoja anayeamini propaganda za Hitler yumo, na wenzake wanamwona kero. Nahodha anawadharau wakubwa wa Berlin waziwazi.

Lakini hawatakasiki kwa hilo. Tukio ambalo kwetu ndilo moyo wa filamu linakuja usiku, baada ya kushambulia msafara wa meli. Wanarudi kuangalia meli ya mafuta waliyoipiga saa nyingi zilizopita. Bado inawaka. Nahodha anaagiza imaliziwe kwa topido nyingine, kwa imani kwamba mabaharia wake walishaokolewa. Topido inapiga, na ndipo wanaona watu wakikimbia kwenye sitaha, nguo zinawaka, wanaruka majini, wanaogelea kuelekea kwenye nyambizi wakipiga kelele za kuomba msaada. Nyambizi haina nafasi ya mateka hata mmoja. Nahodha anaamuru irudi nyuma. Kamera inakaa kwenye nyuso za wale wanaoondoka, na saa ile yote ya kula nao, kucheka nao na kupanga nao foleni ya choo ndiyo inayokubana, kwa sababu waliofanya hivi unawajua. Kwenye toleo fupi linaumiza. Kwenye hili la mwongozaji unakuwa umeshakaa nao muda mrefu kiasi kwamba huna pa kusimama ukawahukumu kwa mbali.

Mzee aliiazima. Alipoirudisha alisema yule nahodha alistahili kushtakiwa, na akauliza kama tuna nyingine ya mwongozaji huyo. Vyote viwili tunaviheshimu.

Steringi anakufa?

Lipia uangalie.

Watoto waangalie?

Wadogo hapana. Usiku wa kwanza kule Ufaransa ni ulevi wa kupindukia, kuna matusi, kuna watu wanaoungua. Marekani iliwekwa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima. Kijana wa sekondari anayesoma historia ya Vita Kuu ya Pili ataiweza, akiwa na mtu mzima karibu wa kumjibu maswali. Na maswali yatakuwepo, hasa kuhusu lile tukio la meli ya mafuta.

Niliona Das Boot nyingine, kuna wanawake wa Ufaransa na wapiganaji wa msituni. Ndiyo hii?

Siyo. Hiyo ni tamthilia mpya iliyoanza mwaka 2018, ina hadithi yake na waigizaji wake. Imechukua jina na bahari.

Kuna nyongeza gani kwenye diski?

Hubadilika kwa kila toleo, soma nyuma ya kava. Ile tunayoipenda ina maelezo ya sauti ya Petersen na Prochnow wakiongea juu ya filamu nzima. Usiyaweke mara ya kwanza. Ukishaimaliza, rudia dakika za mwanzo ukiwa umeyawasha, utasikia wanavyotaniana kuhusu yale waliyoteseka.

Diski inakwama sehemu moja. Nifanye nini?

Kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Vumbi la Januari hapa Moshi ni kama msasa. Ikikwama tena palepale, irudishe, tutaangalia kwenye mashine yetu kabla ya kulaumiana. Mafuta ya nazi, dawa ya meno na khanga yenye maji, tafadhali, acheni.

Niko Arusha. Naipataje?

Tunaituma kwa basi, unaichukulia stendi kwa jina lako na namba ya simu uliyotupa. Nauli ya kifurushi ni juu yako kuja na kurudi. Ukirudisha, hakikisha diski iko ndani ya kava kabla hujalifunga kwa gundi. Kava tupu la Das Boot tunayo matatu mpaka sasa, na tunamngoja mwenye kila diski.